Kukaa Hadi Chai Ipoe

Kianda, Kibera

Mpendwa Baba Mutua,

Chai imeiva, nimeimimina, na sasa nangoja ipoe. Kwa hiyo nina muda wa kukuandikia. Nimekaa kwenye kiti kinachotazama mlango, kile ulichokichomelea mguu kikavunjika tena ukakichomelea upya, na kikombe changu kiko mezani kinafuka mvuke. Wewe sasa hivi ungekuwa umeshamaliza chako, umefuta masharubu kwa kiganja, na umefika kwenye reli.

Barua hii sitaifunga kwa gundi. Akinyi, mke wa mwanao, anataka kuwasomea akina mama wenzake kanisani, kwa hiyo utaona naeleza mambo ambayo wewe uliyasikia hadi ukachoka. Nivumilie kama ulivyozoea. Ulisema mwenyewe kwamba mwalimu wa sayansi kimu hastaafu, hunyang'anywa chaki tu.

Unazikumbuka asubuhi zetu? Uliamka pamoja na adhana ya msikiti wa Makina. Nikiwasha stovu, nikikata ncha ya pakiti ya maziwa, ile ya pembetatu, nikitia maziwa, maji, majani na sukari katika sufuria moja, nikingoja ipande. Uliitaka imiminwe papo hapo, kabla povu halijatulia. Kikombe cha bati kiliwaka hata ukakishika kwa pindo la shati. Siku moja nilikuonyesha jambo hilo. Nilikuambia vidole vyako, pamoja na sugu zake zote, vinakataa kukigusa kikombe, lakini kilichomo ndani unakipeleka kooni, mahali laini kuliko shavu la mtoto mchanga. Ulicheka ukaniuliza, "Mwalimu, mtu anayeshinda na moto wa kuchomelea vyuma ataogopa chai?"

Nilikuomba ungoje ipoe kidogo. Jibu lako nalijua kwa moyo: chai ikipoa si chai tena, ni maji ya kuoshea vikombe. Kisha ungemeza yote kwa mafunda makubwa, ukivuta hewa kwa sauti, na kutoka. Nilisimama mlangoni nikakutazama ukijiunga na ule mstari wa wanaume waliokuwa wakifuata reli kwa miguu kwenda Indastria, kwenye viwanda. Ulisema chai ya moto ndiyo nauli yako.

Sikukulaumu, maana ni sisi wote. Kwetu Machakos mgeni akipewa chai ya vuguvugu anajua kwamba hakupikiwa, amepewa masalio ya wenye nyumba, na anaanza kutafuta fimbo yake aondoke. Chai inayounguza ndiyo inayosema: umefika, tumekuona, tumewasha moto kwa ajili yako. Na mgeni naye akiinywa ikiwa bado inachemka anajibu kwamba amepokea. Ni mazungumzo kamili hayo, na hakuna aliyefungua kinywa isipokuwa kumeza.

Kula kwako kulikuwa na mambo mengine niliyopigana nayo bila kuchoka. Nyama ya kuchoma uliipenda palipogeuka makaa, na mimi nikipita nyuma yako na kisu nikikwangua ile sehemu nyeusi, na wewe ukiwaambia wenzako kwamba umeoa mwalimu anayenyoa mbuzi aliyekwisha kufa. Sukuma wiki ulikula kijani kidogo cha kusukumia ugali. Nikikuwekea kunde, au majani ya malenge, ulinitazama kwa huruma. "Mimi si mbuzi, Mama Mutua." Nikakueleza kwamba mboga za majani, matunda na maharagwe huusaidia mwili kurekebisha yaliyoharibika, na kwamba mtu anayekula nyama na ugali peke yake ni kama karakana yenye moto na haina fundi. Ukasema mfano huo ni mzuri, kisha ukamwita mwenye nyama akuongezee.

Jambo moja tu ulinisikiliza, nalo ni mahindi. Jumapili baada ya kanisa tulikalia vigoda uani, ungo katikati yetu, tukichambua mahindi ya muthokoi, yale ya kukobolewa, yaliyotoka nyumbani kwa gunia. Mwanzoni ulitaka tule yote, hata yale yenye ukungu wa kijani, kwa sababu, ulisema, moto huua kila kitu. Nilikueleza kwamba moto huua ukungu lakini hauondoi sumu ambayo ukungu umekwisha kuiacha ndani ya punje, na sumu hiyo huenda kwenye ini, hukaa huko ikifanya kazi yake kimya kimya, na baada ya miaka yaweza kuleta saratani. Hata kuku hawafai kupewa. Tangu siku hiyo ulichambua kuliko mimi, punje kwa punje, ukizipeleka kwenye mwanga kama mtu anayenunua dhahabu. Tulikaa pale hadi kivuli cha ukuta kikatufikia. Nazipenda Jumapili zile kuliko sikukuu zote tulizowahi kusherehekea, na sikujua sababu yake mpaka mwaka huu. Nitakuambia.

Ugonjwa ulianza na ugali. Niliona unateremsha kila tonge kwa maji. Ukasema ni jino. Baadaye muthokoi ulibaki kwenye sahani, halafu mkate, na ukaanza kulegeza mshipi. Majirani nao wakaanza kunong'ona. Unajua miaka hii ya tisini ilivyo: mwanamume akikonda, watu hawaulizi anaumwa nini, wamekwisha kujijibu kwamba ni ukimwi. Uliacha kukaa nje jioni kwa sababu ya macho yao. Mutua akawa anawaambia rafiki zake kwamba baba ana shida ya kifua. Mimi nilisema saratani, kwa sauti ya kawaida, kwa kila aliyeniuliza. Nilifikiri kulitaja jina kutaondoa aibu. Wengine walinisogelea kwa sababu hiyo. Wengi walirudi nyuma hatua moja, kana kwamba ni kitu cha kuambukizwa kwa kusalimiana.

Yule daktari kijana wa hospitali unamkumbuka. Alituchorea umio kwenye karatasi, ile njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni, akaonyesha mahali ilipobanwa. Akakuuliza kuhusu sigara, ukamwambia uliziacha Mutua alipozaliwa. Akauliza kuhusu pombe, ukasema harusini tu. Akauliza kama unakunywa chai ya moto sana. Wewe, katika hali ile, sauti imebaki nusu, ukapata nguvu ya kutania. "Daktari, kama chai inaua, Ukambani hakungebaki mtu."

Akatabasamu. "Haiui, Mzee. Inachubua. Na kesho inachubua palepale, kabla pa jana hapajapona."

Alisema hawezi kuapa kwamba ni chai iliyokuletea, maana wapo wanaoinywa hivyo na kuzeeka nayo, na wapo wasioigusa na wanaugua. Lakini madaktari wengi wanashuku moto ule, akasema, na zaidi kwa watu wanaokula mboga na matunda kidogo. Nasema hivyo kwa akina mama wa Akinyi pia, ili mtu yeyote asirudi nyumbani akihukumu wafu wake. Si chai yenyewe, ni moto wake. Jeraha ni kitu cha kawaida, mwili hulifunga. Linalochubuliwa kila siku ndilo hatari, kwa sababu kila mwili unapojenga ngozi mpya kwa haraka, kuna nafasi ya kukosea, na saratani ni kosa moja la ujenzi ambalo halikusahihishwa. Hakuna sahani inayozuia saratani kabisa. Ipo inayopunguza nafasi yake, na kupunguza si jambo dogo.

Baada ya kukuzika nilijifunza kitu ambacho hakikuwa katika kitabu chochote nilichofundishia. Nilifundisha watoto wa shule kupanga mlo kamili: wanga, protini, mboga, tunda. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mlo kamili unahitaji mtu wa pili. Fungu la sukuma wiki likawa kubwa mno. Nililikata, nikapika, nikala kijiko, nikamwaga. Siku iliyofuata nilikata nusu. Baadaye nikaacha kununua. Yule mama wa mboga pale mtaa wa Olympic aliyekuwa akinichagulia majani membamba akaacha hata kuniita. Nilikula mkate mkavu na chai ya rangi asubuhi, na jioni mkate uliobaki. Mimi, Baba Mutua, niliyekuwa nakwangua nyama yako. Nilijua kila dosari ya mlo ule na ningeweza kuieleza ubaoni, lakini kujua hakuwashi stovu. Nilihitaji mtu nje ya mlango wa kunisikia nikipika ndipo nipike, na mtu huyo hakuwapo.

Niliyebakiwa naye ni Mutua. Alihamia Kawangware, upande wa Satellite, na mwaka mmoja baada ya msiba akamleta Akinyi, binti wa watu wa Siaya, mrefu, mchache wa maneno, mshoni. Nilifurahi. Nilihesabu kwamba sasa kuna nyumba moja Nairobi ambayo naweza kubisha hodi bila kuwa na sababu.

Nilikwenda kuwatembelea Jumamosi moja, kwa miguu, nikavuka barabara ya Ngong, nikapita Corner, nikafika nimechoka na nina furaha. Akinyi alikuwa amejiandaa. Kulikuwa na kitambaa kipya mezani, mandazi, na chai. Akamimina ikichemka, kikombe kimejaa hadi ukingoni kama inavyotakiwa, akaniwekea kwa mikono miwili. Mutua akamiminiwa chake. Na hapo nikakuona wewe. Alikishika kikombe kwa pindo la shati. Akavuta funda kwa ile sauti yako, akameza, machozi yakamlenga kidogo, akasema ahaa.

Sikuweza kukiinua changu. Nilikiacha mezani nikingoja kipoe, nikimtazama mwanao akimeza. Akinyi aliingia na mandazi akaona kikombe kimejaa. Akatoka. Akaingia na sukari ambayo hakuna aliyeiomba, akaona bado kimejaa, na utando wa maziwa umeshika juu. Nilifungua mdomo nieleze, na kama kawaida yangu nikaanza mbali, na umio, na ngozi ya ndani, nikimtazama Mutua, kwa hiyo Akinyi akafikiri nazungumza na mwanangu nikimpita yeye. Alikichukua kikombe, na nikasikia chai ikimwagwa nje kwenye mtaro.

Mama mkwe kutoka Ukambani amekataa chai ya mke Mjaluo katika ziara yake ya kwanza. Fikiria vile habari hiyo ilivyokaa ndani ya ploti yenye vyumba vingi na kuta za mabati. Wapangaji walimwambia Akinyi, nilikuja kujua, kwamba ama naogopa nimewekewa kitu, ama natafuta njia ya kusema simtaki. Mmoja alimshauri siku nyingine anipe maji ya bomba, kwa kuwa hayo hayana ukabila.

Mutua alinisindikiza hadi barabarani akiwa amenuna.

"Mama, si ungekunywa tu?"

"Ilikuwa inaunguza, mwanangu. Unajua baba yako…"

"Hapa si darasani, Mama."

Akarudi. Sikuletewa habari yoyote baada ya hapo. Nilipiga simu kutoka kwenye kibanda hadi kazini kwake, nikaambiwa yuko nje, kisha tena yuko nje. Mwezi ukaisha, na mwingine. Kama kuna upweke wa kufiwa, upo na mwingine wa kueleweka vibaya na walio hai, na huu wa pili hauna hata watu wa kuja kukupa pole. Usiku wa kwanza wa mvua nilikaa hapa nikawaza kwamba nimeipoteza ile nyumba moja, na nimeipoteza kwa ajili ya kikombe cha chai. Niliazimia kwamba nikipata nafasi tena nitakinywa kikiwa kinachemka, potelea mbali, umio ni wangu.

Nafasi ilikuja yenyewe. Wiki iliyopita mlango ulibishwa, na alikuwa Akinyi, peke yake, na mfuko wa kiondo. Hakukaa. Alisalimu, akapita moja kwa moja penye stovu, akafunua sufuria moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa kavu. Akaona mkate juu ya rafu. Akasimama ameweka mkono kiunoni.

"Mama, wewe ndio mwalimu wa chakula?"

Akafungua kiondo akatoa osuga, ile mboga chungu sisi tunayoiita managu, na dengu zilizokwisha kulowekwa, na ndizi. Akachambua mboga bila kuomba ruhusa, akanituma nikate nyanya, kana kwamba mimi ndiye mkwe. Kisha akateleka chai. Ilipopanda akaimimina, hadi ukingoni, akaniwekea mbele yangu kwa mikono miwili kama siku ile. Nilielewa kwamba swali limerudishwa mezani.

Nilikishika kikombe kwa pindo la kanga. Nikakiinua. Mvuke ulinipiga usoni, na nakuambia kweli, nilikuwa nimekwisha kukifikisha mdomoni.

Akinyi akaweka kiganja chake juu ya kikombe.

"Ngoja, Mama. Ngoja ipoe."

Mutua alikuwa amemwambia. Ilimchukua muda wote ule kusema neno kansa mbele ya mkewe, kwa sababu alikuwa amemdanganya tangu uchumba kwamba uliondoka na kifua. Alimwambia habari ya kikombe cha bati, na pindo la shati, na kijiko nilichokunyweshea siku zako za mwisho. Akinyi alisema alilia, halafu akakasirika, si na mimi. "Nyinyi watu wa nyumba hii," akasema, "mmoja anaeleza sana, mwingine haelezi kabisa."

Tulikitazama kikombe kikipoa. Na katika muda ule, kwa kuwa hakuna kingine cha kufanya chai inapopoa, tukaongea. Aliniambia kwao Siaya bibi yake alipika osuga usiku kucha kwa maziwa hadi uchungu ukatoka. Nikamweleza asiichemshe kupita kiasi wala kumwaga maji yake, akasema bibi yake ameishi miaka mingi kuliko vitabu vyangu. Aliniambia vile anavyomfanyia Mutua siku hizi: anamimina chai yake kabla hajaamka, anaifunika na kisahani, na Mutua anapomaliza kunawa na kufunga viatu, imekwisha kutulia. Mutua analalamika kwamba majani ya chai ya siku hizi hayana nguvu. Tulicheka hadi jirani akagonga ukuta.

Alipoondoka jioni, niliosha vikombe viwili. Ndipo nikaelewa habari ya Jumapili zetu za kuchambua mahindi, Baba Mutua. Ulikuwa unakaa. Kazi ile haikuwa na haraka, na ulikaa, goti lako karibu na langu, hadi kivuli kikatufikia. Miaka yote niliyokuambia ngoja ipoe nilikuwa nasema kweli kuhusu koo lako. Lakini koo lilikuwa nusu ya habari. Nilitaka ukae. Sikulijua neno hilo, ama nililijua nikaliona dogo mno kwa mwalimu, kwa hiyo nikakufundisha kuhusu ngozi ya ndani ya umio.

Na ulikaa mwishoni. Chai ilipokuwa haipiti ila ikiwa baridi, nilikupa kwa kijiko, nawe ukaipokea bila kuiita maji ya kuoshea vikombe. Tulimaliza asubuhi nzima kwa kikombe kimoja. Wanaume walipita kwenye reli nje na wewe hukwenda nao. Nilipewa nilichokiomba, kwa namna ambayo singeiomba kamwe.

Akinyi atakuja tena, amesema, lakini si leo. Leo nimepika kunde kidogo na maharagwe, kwa sufuria ndogo niliyoinunua, na nimekula. Si kwa hamu sana. Nyumba iko kimya na kiti chako kiko ukutani. Najifunza kujipikia kama mtu ninayemtaka aishi.

Chai imepoa. Kikombe nakishika kwa mikono miwili, bila pindo la nguo, na hakiniunguzi. Mstari wa reli umekwisha kupita. Wewe usiondoke kwanza, hata kama una njia ndefu. Kaa hapo, hadi nimalize hiki.

Mkeo, uliyemwita Mwalimu,
Mama Mutua